Jibu: Tamthilia ya Drood ilipataje mwisho?

Ndugu, umeuliza ilikuwaje "The Mystery of Edwin Drood", riwaya ya mwandishi Mwingereza Charles Dickens, ikapata mwisho jukwaani ilhali Dickens hakuimaliza. Alipanga sehemu 12, akafariki tarehe 9 Juni 1870 akiwa ameandika sita tu. Katika kisa, kijana Edwin Drood ametoweka, na macho yote yako kwa mjomba wake, John Jasper, kiongozi wa kwaya ya kanisa kuu na mvutaji wa afyuni.

Rupert Holmes, aliyetunga tamthilia ya muziki ya mwaka 1985, hakujifanya anajua. Onyesho likifika pale kalamu ya Dickens ilipokomea, linasimama, na watazamaji wanapiga kura: nani muuaji, nani yule mpelelezi Datchery aliyejibadili sura, na nani na nani waishie kupendana. Kila mshukiwa ana wimbo wake wa kukiri, tayari umefanyiwa mazoezi! Naupenda sana ujasiri huo, na Tuzo ya Tony ya 1986, tuzo ya tamthilia ya Marekani, ilistahili kabisa.

Kwenye riwaya yenyewe, mimi nasema ni Jasper. John Forster, rafiki na mwandishi wa wasifu wa Dickens, aliandika kwamba aliambiwa kisa ni cha mjomba kumuua mpwawe. Anza na kitabu, kisha sikiliza nyimbo.