Swali la lugha: "Magaidi wa kulia" ni akina nani?

Swali: Natafsiri makala kuhusu Italia ya miaka ya 1970. Niliandika "magaidi wa kushoto" na "magaidi wa kulia", mhariri akataka niongeze "mrengo". Kuna tofauti gani? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Mhariri wako yuko sahihi, na mimi ningekudai maneno mengine mawili.

Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Jina lilitoka huko. Kulia ni kutoa machozi pia, kwa hiyo sentensi yako ikisomwa redioni msikilizaji atajiuliza nani analia. Kushoto nako kuna mzigo wake: mtoto akipokea kitu kwa mkono huo, hukaripiwa. Ukiacha "mrengo", kundi moja linabeba heshima ya mkono mmoja na jingine aibu ya mkono wa pili, kabla hujasema walifanya nini. "Mrengo" huyarudisha maneno haya kwenye siasa, yalikoanzia Ufaransa mwaka 1789 kutokana na namna wabunge walivyokaa ukumbini.

Maneno ninayokudai ni "siasa kali". Ukisema "ugaidi wa mrengo wa kushoto", ile "wa" inaukabidhi mrengo mzima umiliki wa ugaidi. Guido Rossa alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma huko Genoa, mwanachama wa chama cha kikomunisti. Alimripoti mwenzake aliyesambaza kiwandani vikaratasi vya Brigate Rosse ("Brigedi Nyekundu", kundi la magaidi wenye siasa kali za mrengo wa kushoto), akatoa ushahidi. Tarehe 24 Januari 1979 Brigate Rosse wakampiga risasi, akafa. Yeye na waliomuua wote walijiita watu wa kushoto! Basi andika "magaidi wenye siasa kali za mrengo wa kushoto", kisha litaje kundi. Kwa NAR (Nuclei Armati Rivoluzionari), kundi la wafashisti mamboleo wa mrengo wa kulia, kanuni ni hiyohiyo.

Angalia na vitenzi. Ukiandika kwamba Brigate Rosse "walimteka na kumuua" Aldo Moro, aliyewahi kuwa waziri mkuu, mwaka 1978, usije ukaandika kwamba katika mji wa Bologna "ulitokea mlipuko", kana kwamba hakuna aliyelipua. Tarehe 2 Agosti 1980 bomu liliua watu 85 katika kituo cha treni, na mahakama iliwatia hatiani watu wa NAR. Saa ya ukutani kituoni hapo imeachwa ikionyesha wakati wa mlipuko, saa nne na dakika 25 asubuhi. Andika "walilipua".