Karani wa benki aliyeandika mashairi

Wiki hii mmeuliza kama ajira humuua mshairi. Shahidi wangu anatoka Tokyo: Ishigaki Rin, aliyezaliwa 1920, akaingia Benki ya Viwanda ya Japani mwaka 1934 akiwa na miaka 14, asitoke hadi alipostaafu 1975.

Ajira ilimchelewesha, hilo sibishi. Nyumba yao iliteketezwa na mabomu 1945, na baada ya vita mshahara wake ndio uliolisha wazazi, babu na wadogo zake. Kitabu cha kwanza alikitoa 1959, akikaribia miaka 40.

Lakini benki hiyohiyo ilimpa wasomaji anaowajua kwa sura. Mwaka 1952, picha za walioungua kwa bomu la atomiki la Hiroshima, zilizokuwa zimezuiwa wakati wa utawala wa Wamarekani zilipotolewa hadharani, chama cha wafanyakazi kilimwomba shairi la kubandika ukutani. Akaandika "Salamu". Wenzake wakalikuta asubuhi wakiingia kazini: linaanza na uso ulioungua, kisha linamgeukia msomaji na kumwambia atazame nyuso zao wenyewe, nzima, zimetoka kunawa, hazina hata alama ya moto. Mshairi gani wa kujifungia chumbani angepata ukuta kama ule?

Na hakujipamba. Katika shairi lake la kome, anaamka usiku na kuwakuta kome aliowanunua jioni bado hai pembeni jikoni, midomo wazi. Anawaambia kukikucha atawatafuna wote, anacheka kicheko cha kizee mchawi, kisha hana la kufanya ila kurudi kulala, mdomo wake nao nusu wazi. Kwingine anaorodhesha alivyokula ili aishi: wali, mboga, nyama, halafu wazazi, ndugu, walimu, pesa. Akifika arobaini, machozi yanamtoka, machozi ya mnyama. Hakuna niliyemsoma aliyeutaja ukweli wa mtegemewa kwa ukali huo, na nadhani asingeutaja kama asingekuwa yeye anayeleta bahasha ya mshahara nyumbani.

Wengi wanamjua kwa "Kibao cha Jina", shairi la kitabu cha 1968 kilichompa Tuzo ya Bwana H, tuzo ya mashairi ya Japani, mwaka uliofuata. Anasema unapoishi, kibao cha mlangoni ukitundike mwenyewe. Hospitalini alibandikiwa jina lenye cheo cha heshima, na hakuona raha. Yeye anataka Ishigaki Rin, basi. Ila atakayeanza kumsoma leo, nashauri aanze na wale kome.