Safari ya misheni Ethiopia: jiandae kupokelewa

Kwaya nyingi za kwetu zikialikwa nje ya nchi hujiandaa kana kwamba zinakwenda mashindanoni. Sare mpya zinashonwa, nyimbo zinarudiwa hadi sauti zinakauka, wahubiri wanagawana masomo, na mweka hazina halali usingizi kwa ajili ya nauli. Kinachosahauliwa ni kujifunza kukaa kwenye kiti cha mgeni. Nimekwenda ziara za namna hiyo na wenzangu wa usharika hapa Arusha, na ile ya Ethiopia ndiyo iliyonionyesha kwamba kupokea nako ni huduma, tena ngumu kuliko kuimba.

Anza na barua ya michango. Kama mmeandika kwamba mnakwenda "kupeleka Injili gizani", ifuteni. Ukristo ulishika mizizi Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, katika karne ya 4, enzi za Mfalme Ezana. Kwetu misheni ya Bagamoyo ilifunguliwa mwaka 1868. Kanisa la Kiinjili la Ethiopia Mekane Yesus, lililoundwa 1959, na Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) la mwaka 1963, ni miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri duniani. Mnakwenda kwa ndugu. Na ndugu hawa wameteseka kwa imani kwa namna ambayo wengi wetu hatuijui.

Kabla ya kupanda ndege, kila mmoja asome habari za Mchungaji Gudina Tumsa, aliyekuwa katibu mkuu wa Mekane Yesus wakati wa utawala wa kijeshi wa Derg. Mwalimu Nyerere aliwahi kumtengenezea njia ya kutoka nchini, naye akakataa kuliacha kundi lake wakati wa majaribu. Julai 28, 1979, akitoka kuhubiri Addis Ababa, alitekwa na kuuawa. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1992, baada ya utawala ule kuanguka. Wazee wa makanisa ya pale wanazikumbuka nyakati hizo. Ukisimama mbele yao kuhubiri habari za kuvumilia dhiki, uwe umeshajua unaongea na nani.

Sasa ibada. Usitegemee kuielewa yote, wala usimsumbue mkalimani akunong'oneze kila neno. Nyimbo zao nyingi husimama kwenye noti tano tu, na mara nyingi watu wote huimba sauti moja. Sisi tuliolelewa na sauti nne tunashikwa na tamaa ya kutia besi na teno palipo pengo. Acha. Wimbo wenyewe unazunguka, unarudi, unapanda taratibu, kinamama wenye mitandio myeupe wanapiga vigelegele, na ukiingiza besi yako ya Kijerumani unaharibu. Simama, piga makofi, yumba wanavyoyumba. Baada ya dakika kumi mwili unaelewa hata kama masikio hayajaelewa.

Jambo moja lililotufurahisha njiani kuelekea kusini, upande wa Shashemene: Kioromo huandikwa kwa herufi za Kilatini, hivyo ukipewa kitabu cha nyimbo unaweza kusoma na kuimba pamoja nao, ukikosea urefu wa irabu hapa na pale. Addis Ababa, kwenye Kiamhari chenye herufi zake, utabaki na Amina na Haleluya. Basi uliza mapema mnakokwenda wanaongea lugha gani, ujifunze salamu ya hapohapo. Usimsalimie kila Mwethiopia kwa Kiamhari ukidhani umefanya vizuri. Habari za lugha kule zina uzito wake, na mgeni hana sababu ya kuzikanyaga. Vilevile njia mtakayopita iamuliwe na kanisa mwenyeji. Wakisema eneo fulani kwa sasa haliendeki kwa usalama, hakuna cha maombi ya ujasiri hapo, mnabaki.

Wahubiri, kateni nusu ya mahubiri. Neno linalotoka Kiswahili kwenda Kiingereza kichwani mwako, kisha Kiamhari kinywani mwa mkalimani, linafika limechoka. Kaa naye jioni moja kabla, mpe andiko na hoja zako, muulize ni mfano gani hautaeleweka. Utani wa daladala uache nyumbani.

Lakini ibada iliyonishika zaidi haikuwa kanisani. Ilikuwa sebuleni kwa mama mmoja Hawassa, mchana, tumepangwa ukutani kama wanafunzi wa kipaimara. Alitandaza majani mabichi sakafuni, akaketi kwenye kigoda nyuma ya jiko la mkaa, akaosha buni mpaka maji yakawa meupe. Akazikaanga polepole kwenye kikaango, akitikisa. Zilipoanza kutoa mafuta alinyanyuka na kikaango chenyewe, akapita kwa kila mgeni, nasi tukauvuta ule moshi kwa mikono kuelekea puani. Zikatwangwa kinuni, zikaingia kwenye birika la udongo lenye shingo ndefu, na kahawa ikamiminwa kwenye vifinjali kutoka juu bila tone kumwagika. Pembeni kulikuwa na bisi na shayiri ya kukaanga. Mzunguko wa kwanza mzito, wa pili mwepesi zaidi, na wa tatu, ambao ndio wa baraka, mwepesi kabisa. Kabla ya huo wa tatu mumewe aliomba, na sijui aliomba nini, ila majina yetu yote niliyasikia.

Funzo la ratiba liko hapo. Kahawa hiyo huchukua saa nzima, pengine mbili, na kuondoka baada ya kifinjali cha kwanza ni kumkata mwenyeji kauli. Sisi waratibu tunapenda kubana: nyumba tatu mchana mmoja, picha, sala fupi, twende. Panga nyumba moja. Vijijini wengine hutia chumvi kwenye kahawa, kunywa, haiui.

Chakula nacho. Mtanawishwa mikono, sinia moja litawekwa katikati, injera, chapati yao kubwa laini, imetandazwa na mchuzi juu yake, na mtakula kwa mkono wa kulia kila mtu upande wake. Hilo halitutishi sisi. Kitakachokushtua ni mwenyeji kuviringa tonge na kulitia mdomoni mwako. Fungua mdomo. Ni heshima na upendo, na ukilikataa umemwacha mtu na mkono hewani mbele ya familia yake. Kisha nawe umlishe. Nilimwona mzee wetu wa kanisa, mtu asiyecheka ovyo, akilishwa na bibi wa miaka kama themanini, akatokwa machozi; sehemu ni pilipili, sehemu si pilipili.

Kula polepole, maana sinia likipungua linajazwa. Ukiona mchuzi wa kuku wenye mayai ya kuchemsha, jua umeandaliwa kitu cha sikukuu: vitunguu vyake tu hupikwa kwa saa nyingi. Mama zetu walikatazwa kuingia jikoni siku nzima ya kwanza, na mlango uliofunguka hatimaye ulikuwa wa kumenya vitunguu hivyo. Waliomenya pamoja waliimba pamoja, bila mkalimani. Nyama mbichi ikiletwa na tumbo lako halijazoea, sema mapema kwa upole ipitishwe kwenye moto. Ni ombi la kawaida. Jumatano na Ijumaa Waorthodoksi hufunga, hawali nyama, maziwa wala mayai, kwa hiyo usishangae hotelini kukosa nyama, na usitoe hotuba kuhusu neema na sheria. Ukitembelea kanisa lao vua viatu mlangoni, akina mama wafunike vichwa, na simu ibaki mfukoni.

Madogo madogo. Addis Ababa iko juu zaidi ya mita 2,300, na Julai na Agosti ni mvua na baridi. Beba sweta, na wanakwaya wasijilaumu pumzi ikikatika. Saa wanahesabu kama sisi, saa moja ni baada ya jua kuchomoza, raha tupu kwa Mswahili, isipokuwa tiketi ya ndege haifuati hivyo. Kalenda yao ina miezi 13 na mwaka wao uko nyuma ya wetu kwa miaka saba au minane, basi tarehe yoyote iliyo kwenye barua ya mwaliko ihakikisheni ni ya kalenda ipi kabla ya kulipa nauli. Krismasi ni Januari 7.

Zawadi ya fedha ipitie kwa mhazini wa kanisa mwenyeji, kwa risiti. Kumshikisha mtu mmoja noti mfukoni huacha maneno mtakapoondoka. Kwa familia iliyowalaza, khanga au kitenge kinatosha sana. Kahawa ya Kilimanjaro nawashauri muiache, ingawa yetu ni nzuri.

Na kabla hamjaaga, toeni mwaliko wenye mwezi na mwaka, wala si ule wa "karibuni sana Tanzania". Mkifika nyumbani, kwenye bajeti ya usharika iingie nauli ya wageni wanne au watano, na familia za kuwalaza ziandikishwe mapema. Atakayewapokea Arusha aambiwe awatengee mchana mzima, na kahawa ya unga ya kopo asiiweke mezani.