Maswali ya Watumishi: Nimeitwa, Lakini Hawanisikii

SWALI: Bwana asifiwe. Huu ni mwaka wangu wa tatu nikihubiri katika kanisa dogo. Nikianza tu, wengine wanasinzia, vijana wako kwenye simu, na mzee mmoja hutazama saa bila hata kujificha. Najifariji kwa Isaya 6, kwamba hata nabii aliambiwa watu watasikia wasielewe. Je, niendelee hivyo hivyo?

JIBU: Endelea, lakini si hivyo hivyo.

Isaya 6 ni sura ambayo wahubiri huikimbilia mapema mno. Isaya alipewa onyo lile na Mungu mwenyewe, siku ya kuitwa kwake. Wewe hujaambiwa kwamba mioyo ya watu wako imenenepeshwa. Unachojua kwa hakika ni kwamba wanasinzia, na mtu husinzia kwa sababu nyingi. Eutiko alilala Paulo mwenyewe akiwa anahubiri (Matendo 20), na Luka hakumwita mkaidi. Alitaja kwamba ilikuwa usiku wa manane, hotuba ilikuwa imeendelea sana, na chumba kilikuwa na taa nyingi.

Kwa hiyo tenganisha mambo matatu: hawasikii, hawaelewi, au hawataki. Kila moja lina dawa yake, na ukitumia dawa ya la tatu kutibu la kwanza utaharibu kusanyiko.

Anza na simu yako. Rekodi mahubiri ya Jumapili mbili, kisha usiyasikilize siku ileile, maana bado utakuwa unasikia ulichokusudia kusema badala ya ulichosema. Ngoja hadi Jumanne. Andika dakika ambayo jambo kuu lilitajwa kwa mara ya kwanza. Likitokea dakika ya kumi na tano, wasikilizaji walikwisha kuondoka wakiwa wamekaa. Hesabu pia ni mara ngapi umesema “na mwisho kabisa”. Ikizidi moja, yule mzee wa saa ana haki yake.

Kisha waulize watu watatu, kila mmoja peke yake: mtoto wa miaka kama kumi na miwili, mtu mzima asiye na elimu kubwa, na mmoja wa wazee. Usiulize “mahubiri yalikuwaje?” Swali hilo huzaa adabu tu: “Yalikuwa mazuri, mtumishi.” Uliza, “Leo umesikia nini?” Wakikupa majibu matatu yasiyofanana, kasoro iko kwenye maandalizi. Kabla ya Jumapili inayofuata, andika ujumbe wote katika sentensi moja isiyozidi maneno ishirini, na kila kisa au aya isiyoitumikia sentensi hiyo iondoe, hata kama unaipenda. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa kile kisa tunachokipenda kwa kawaida ndicho kinachopoteza watu.

Usijaribu kuushinda usingizi kwa kupaza sauti. Sikio huzoea kelele haraka, na baada ya dakika chache kelele hiyohiyo inabembeleza. Shusha sauti, nyamaza kwa pumzi mbili, kisha sema jambo kuu. Wala usimsute aliyesinzia kutoka mimbarini, kwa kuwa Jumapili ijayo atakaa macho akijilinda na wewe, asilisikilize neno.

Mwisho, tazama ratiba. Kama mahubiri huanza saa mbili baada ya ibada kufunguliwa, matangazo yakiwa yametangulia, basi watu wamechoka tu. Zungumza na wazee matangazo yahamie baada ya neno.

SWALI: Mimi tatizo langu ni tofauti. Wananielewa vizuri sana. Nilihubiri juu ya mali ya dhuluma, na tangu hapo familia mbili zenye nguvu zimenisusa na kuwavuta wengine. Nimeanza kuogopa mimbari.

JIBU: Hapa sasa umefika penye maneno ya Ezekieli. Aliambiwa aseme, wasikie au wasisikie (Ezekieli 2:7), na katika sura ya 3 hesabu ya mlinzi, yaani nabii aliyewekwa kuwaonya watu, inawekwa wazi: asipopiga kelele, damu inadaiwa mkononi mwake, akionya na wasigeuke, yeye ameokoa nafsi yake. Angalia kinachopimwa ni onyo lililotolewa. Idadi ya waliogeuka haimo katika hesabu ya mlinzi.

Lakini jikague kwanza. Je, neno lilitoka kwenye andiko, au ulikuwa na taarifa za familia hizo ukatafuta andiko la kuzifunika? Kama ni la pili, nenda ukawaombe radhi kwa namna ulivyosema, bila kuliondoa lile ambalo Maandiko yanasema. Watembelee nyumbani mapema, ndani ya juma lilelile ikiwezekana. Nenda na mzee mmoja mnayemwamini pande zote, mkiwa wawili tu. Mkienda sita inakuwa baraza. Sikiliza kwanza, na usiende na mahubiri ya pili mfukoni.

Mimbarini, usirudie somo hilo Jumapili inayofuata ili kuonyesha kwamba huogopi, wala usikimbilie masomo matamu. Chukua kitabu kimoja cha Biblia ukipitie sura kwa sura. Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana: jambo gumu likifika, limefika kwa zamu yake, na hakuna awezaye kusema umemlenga. Yakobo na Amosi watakufikisha kwenye mali bila wewe kuchagua siku.

Na jiandae kwa muda mrefu. Yeremia alisema amenena miaka 23 na hawakusikiliza (Yeremia 25:3). Gombo lake lilipofikishwa kwa Yehoyakimu, mfalme alilikata vipande kwa kisu na kuvitupa motoni. Baruku, mwandishi wake, akaandika lingine, na maneno mengi ya namna hiyo yakaongezwa. Huko Uingereza, Charles Simeon alipewa kanisa la Holy Trinity mjini Cambridge mwaka 1782, ilhali waumini walimtaka mtu mwingine. Wenye sehemu zao za kukalia, zilizokuwa na milango, wakazifunga kwa kufuli na kubaki nyumbani. Alipoweka mabenchi kwenye njia, wasimamizi wa kanisa wakayatupa nje, na waliokuja wakasikiliza wamesimama. Alidumu hapo mpaka kifo chake mwaka 1836.

Hofu ya mimbari ni dalili ya kubeba peke yako. Tafuta mtumishi mmoja nje ya kanisa lako umwambie mambo yote, na siku moja kwa juma usiyoandaa wala kutembelea mtu.

SWALI: Ndugu zangu wa damu ndio hawataki kabisa kunisikia. Nifanyeje?

JIBU: Acha kuwahubiria mezani. Nazareti walimjua Yesu kama seremala, na ndugu zake mwenyewe hawakumwamini (Yohana 7:5). Ndugu hawasikii mahubiri yako kwa sababu wanayajua madeni yako, hasira zako, na ahadi ulizovunja. Lipa deni, timiza ahadi. Wakiuliza, jibu kwa dakika mbili, unyamaze.

SWALI: Ni wakati gani mtu anaruhusiwa kukung’uta mavumbi na kuondoka?

JIBU: Si Jumatatu asubuhi. Siku hiyo ni rahisi kuandika barua ya kujiuzulu, mwili ukiwa umechoka na maneno ya jana yakiwa bado yanauma. Iandike ukitaka, kisha ifungie siku thelathini.

Tazama pia Paulo alikwenda umbali gani. Korintho walipompinga alikung’uta mavazi yake, akahamia nyumba iliyopakana na sinagogi, na akakaa mji uleule mwaka mmoja na miezi sita (Matendo 18). Efeso alinena katika sinagogi miezi mitatu. Wengine walipoitukana Njia ile, yaani imani ya Kristo, mbele ya watu, akawatenga wanafunzi na kuhamia darasa la Tirano, akafundisha miaka miwili. Hakuacha wito, alibadilisha chumba. Basi jiulize kwanza kama kinachohitaji kubadilika ni mahali, saa, au kundi: labda ibada za nyumbani, labda wafungwa, labda watoto.

Kama wito ulithibitishwa na kanisa, kama ilivyokuwa Antiokia katika Matendo 13, kuondoka nako kuthibitishwe na watu, wasiwe rafiki zako tu. Na kama waumini wenyewe wamepiga kura uondoke, jambo lililompata hata Jonathan Edwards, mhubiri mashuhuri wa Marekani, mwaka 1750, usianzishe kanisa lingine mtaa wa pili kwa hasira.

Kabidhi kwa maandishi: majina ya wagonjwa na wafiwa unaowatembelea, wanafunzi wa ubatizo na somo walilofikia, hesabu za fedha zilizosainiwa na watu wawili, na funguo. Siri ulizoambiwa katika ushauri haziingii kwenye makabidhiano hayo.