Kusindika PLA Pwani ya Kusini: Kausha Punje Kwanza

Mtwara na Lindi, hewa ya bahari ndiyo inayoharibu kazi ya plastiki inayooza kabla ya kitu kingine chochote. PLA, mojawapo ya plastiki hizo, ni poliesta: ikiyeyuka ikiwa na maji ndani yake, minyororo ya molekuli zake hukatika. Uji wa plastiki iliyoyeyuka huwa mwepesi na kuchuruzika mdomoni mwa mashine, puto la filamu (plastiki inayopulizwa iwe utando mwembamba) huyumba na kupasuka, na kifungashio kikipoa huvunjika kwa urahisi.

Maji yasizidi gramu 250 kwa tani ya punje, yaani chembe za plastiki ghafi. Kwa mfuko wa kilo 25 hizo ni gramu 6 hivi, kijiko cha chai na ushei. Kwa hiyo oveni ya kawaida haitoshi, hasa Desemba hadi Aprili mvua zinaponyesha, maana inapasha moto hewa ileile yenye unyevu. Nunua kikaushio chenye dawa ya kufyonza unyevu, kinachoshusha kiwango cha umande (joto ambalo mvuke wa hewani huanza kugeuka maji) hadi nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri. Punje mpya zilizokwisha kuwa na fuwele (molekuli zilizojipanga kwa mpangilio) zipe nyuzi 80 kwa saa 4.

Mabaki yaliyosagwa ni habari nyingine. Hayana fuwele za kutosha, na PLA huanza kulainika kwenye nyuzi 55 hadi 60. Ukiyatia nyuzi 80 moja kwa moja yatagandamana yawe bonge ndani ya hopa (chombo cha kulishia mashine), na kulitoa ni kazi ya patasi. Yakaushe kwa nyuzi 45 usiku kucha, au yapashe kwanza huku yakikorogwa mfululizo mpaka yageuke meupe, yaani yapate fuwele.

Wengi hutamani kuchanganya wanga wa muhogo, kwa kuwa Newala na Tandahimba upo. Wazo ni zuri, lakini wanga mkavu wa kawaida bado hubeba maji kama asilimia 12. Ukausheni upya kabla haujagusa PLA.

Kuyeyusha, anzia nyuzi 190 na usipite 210 bila sababu. Mkisimama kwa muda mrefu, au umeme ukikatika na kurudi, sukumeni PLA yote itoke kwa polietilini, plastiki ya kawaida isiyooza. PLA ikibaki kwenye moto huharibika palepale na kuacha madoa ya kahawia.

Mfuko uliofunguliwa ufungwe mara moja kwa karatasi yake ya alumini. Punje kavu zikiachwa wazi nusu saa tu, zirudishe kwenye kikaushio.