Konsetina Yako ya Zamani: Maswali na Majibu

Nimetuma picha ya konsetina ya babu (ile ala ndogo ya muziki ya mvukuto na batani pande zote mbili), ilitengenezwa na nani na mwaka gani?
Picha moja ya upande mmoja, imepigwa usiku, batani hata hazihesabiki. Sijui, na hakuna atakayejua.

Lebo imeandikwa jina la duka la muziki, nimetafuta mtengenezaji wa jina hilo simpati.
Humpati kwa sababu hakuwa mtengenezaji, alikuwa muuzaji. Nimeshasema hili mpaka nimechoka, maduka yalikuwa yananunua kwa watengenezaji wa London kama Lachenal au George Jones halafu yanabandika jina lao. Lebo inakwambia nani aliuza, ndani ndiko kunakwambia nani alitengeneza. Chukua bisibisi inayoingia sawasawa, fungua skrubu za upande mmoja na kila moja irudi tundu lake, kisha tazama ubao wa vilimi, yaani vile vipande vyembamba vya chuma au shaba vinavyotoa sauti. Kama kila kilimi kina fremu yake ndogo ya shaba iliyochomekwa kwenye mfereji, hiyo kazi ni ya Kiingereza. Ukikuta vilimi vingi vimepangwa kwenye bamba moja refu, kwa kawaida ni ya Kijerumani, haijalishi nje wameandika nini. Na ukiwa humo tafuta namba iliyogongwa kwenye mbao na kwenye fremu ya mvukuto, zikitofautiana basi ujue konsetina yako imeunganishwa kutoka konsetina mbili, na anayekuuzia pengine anajua vizuri tu.

Namba ni 120,400, ni mwaka gani?
Namba ya kampuni gani? Anglo, au Inglishi ambayo batani inatoa sauti ileile ukivuta na ukisukuma? Tuseme ni Lachenal, maana wengi wenu ndio mnazo. Lachenal walizipa Inglishi na Anglo mifululizo tofauti ya namba, Inglishi zao ziliishia elfu 60 na kitu, Anglo zilipita 150,000, kwa hiyo yako ni Anglo na nadhani ulishajua maana batani ileile ukivuta inatoa sauti nyingine na ukisukuma nyingine. Mwaka kamili huwezi kuusema, vitabu vyao vya kiwanda havipo, atakayekupa tarehe na mwezi anakuuzia kitu. Wenye konsetina za Wheatstone, mtengenezaji mwingine wa London, ndio wana bahati, vitabu vingi vya kiwanda vimebaki, viko Horniman Museum kule London na vimeshapigwa skani, kaangalie mwenyewe kabla hujaniandikia. Anwani ya Wheatstone kwenye lebo nayo inasaidia, Conduit Street ni ya zamani kuliko West Street.

Ina mhuri wa C. Jeffries lakini haina namba, ni feki?
Kukosa namba si kosa, Jeffries, naye mtengenezaji wa London, kwa kawaida hakuweka namba za mfululizo. Mhuri ndio wa kuogopa, kwa sababu jina hilo linapandisha bei na wapo wanaougonga kwenye konsetina ya mtu mwingine. Mpe fundi wa konsetina aifungue kabla hujatoa hela, akikataa muuzaji isifunguliwe, ondoka.

Ina pande 12.
Hiyo ni Edeophone, modeli ya Lachenal, haikutengenezwa kabla ya 1889. Pande nane kwa kawaida ndiyo Aeola, modeli ya Wheatstone, msizichanganye.

Vilimi vya shaba ni vya zamani kuliko vya chuma?
Mara nyingi, ila za bei ndogo waliendelea kuziwekea shaba miaka mingi baadaye, hiyo peke yake si tarehe. Na tafadhali msivisugue ving'ae! Ukikwangua kilimi umebadilisha sauti yake, na usafi huo fundi atakulipisha.

Batani nyeupe ni pembe za ndovu?
Nyingi ni mfupa, tafuta vidoa vidogo vyeusi. Ukiandika ndovu kwenye tangazo utajitafutia matatizo ya forodha bure.