Usimtoroke mtoto alfajiri, mkuu. Mimi nilimtoroka wangu Lushoto

Mkuu, ahirisha safari ya Ijumaa. Salamu zitafuata baadaye.

Nimesoma uzi wako mara mbili. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi mitatu, mama yake ameanza kazi, mmeamua aende kwa bibi yake Kahama miezi miwili asahau ziwa, na mpango ni mlale naye siku mbili, halafu Jumapili saa kumi na moja alfajiri mwondoke akiwa amelala ili asilie. Umeuliza na mengine: anasema maneno mawili tu, akinyimwa kitu anagonga kichwa sakafuni, na kama katuni za kwenye simu zina madhara. Hayo tutayafikia. Hapo pa "akiwa amelala ili asilie" ndipo nilipoacha ugali mezani nikaja kuandika.

Mimi nilifanya hivyo hivyo, mpaka saa ni ile ile.

Binti yetu wa kwanza alikuwa na mwaka na miezi minne. Stendi ya Dar ilikuwa bado Ubungo. Tukapanda basi mpaka Lushoto kwa mama yangu, tukafika jioni na baridi yake ile, mtoto kavalishwa sweta na kufunikwa kanga mbili. Siku mbili alicheza vizuri kabisa, anafukuza kuku wa bibi, anakula viazi. Nikasema si unaona, keshazoea. Siku ya tatu tukaamka gizani. Viatu nimebeba mkononi, natembea kwa vidole kama mwizi ndani ya nyumba ya mama yangu mzazi, mtu mzima na ndevu zangu. Mke wangu akasimama mlangoni pa chumba, akaninong'oneza, "Ngoja nimwamshe nimuage." Nikamwambia, "Ukimwamsha atalia, na basi litatuacha." Tukatoka. Mpaka tunashuka Mombo hakunisemesha neno.

Siku zilizofuata nikawa napiga simu. Siku ya kwanza bibi anasema mtoto amelia mpaka sauti imekauka. Anazunguka vyumba, anafunua mapazia, anachungulia uvunguni. Ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Siku ya tano nikaambiwa, "Ametulia sasa, hasumbui. Ukimweka hapo anakaa hapo." Mkuu, nilifurahi! Niliwasimulia hadi watu wa ofisini, nikawapa na ushauri bure.

Sasa hebu nikuulize. Umeshaona wapi mtoto wa umri huo ukamweka hapo akakaa hapo? Huyu wangu kabla ya Lushoto ukigeuka kumimina chai ukirudi yuko ndani ya ndoo ya maji. Mimi ninayejua kukagua shehena na kugundua boksi moja limepungua sikugundua kwamba mtoto mzima amepungua.

Wiki ya saba tukaenda kumchukua. Nilijiandaa kwa vilio vya furaha, nimeshika simu nirekodi. Mama yake akachuchumaa, akafungua mikono. Mtoto akamwangalia kama unavyomwangalia abiria mwenzako kwenye daladala, kisha akageuza uso akaulaza begani kwa bibi. Hakulia. Ziwa alikuwa amelisahau kweli, na mwenye ziwa naye. Ile video ninayo hadi leo, sekunde kumi na nne, sijawahi kuifungua tena.

Ukidhani hapo ndipo pabaya, subiri nyumbani. Tulivyorudi Dar, baada ya siku kama nne hivi za ukimya, mambo yakageuka. Haruhusu mama yake aende chooni peke yake. Usiku halali. Sisemi analala akaamka, nasema anaukataa usingizi, anasimama kitandani macho yanafumba anayafumbua kwa nguvu, akisikia kitasa tu anapiga yowe. Mimi nikigusa viatu vyangu asubuhi ni kilio cha msiba. Na maneno yake, alikuwa na "maji", "paka", "toa" na mengine, yote yakapotea. Hali hiyo ilituchukua karibu miezi mitano.

Na hela je? Tukapima malaria, hamna. Tukapima mkojo, hamna. Akapewa dawa ya minyoo. Jirani mmoja akasema meno ya plastiki, nashukuru Mungu mke wangu alikataa mtoto kuchokonolewa ufizi. Mwingine akasema chango, nikanunua mizizi, mtoto akaitapika yote. Shangazi yangu akasema ni jicho. Mwisho mke wangu akaacha kazi, ile ile iliyofanya tumpeleke mtoto Lushoto. Piga hesabu hiyo: tulimtoroka mtoto ili mama aende kazini, mama akaacha kazi ili alale na mtoto.

Niseme na hao walionishauri, maana bado nina hasira nao. Shangazi: "Sisi wote tulipelekwa kwa bibi na hatukufa." Ndiyo shangazi, hamkufa. Ila wewe hukupelekwa kwa mtu uliyemwona mara moja maishani. Bibi yako alikuwa nyumba ya pili, ulimjua tangu ukiwa mgongoni, na mama yako ulimwona kila akitoka shambani. Usilinganishe hilo na saa saba za basi.

Wa pili ni yule "mtaalamu wa malezi" wa kwenye kundi la WhatsApp. Nilimlipa shilingi elfu kumi, akanitumia PDF ya kurasa kumi na moja, tatu zikiwa picha zake amevaa suti. Humo ndani kaandika kwamba mtoto mdogo hana kumbukumbu, hivyo ondoka haraka bila kuaga, baada ya siku mbili amesahau. Mambo yalipoharibika nikamfuata kumuuliza, akaniblok. Hiyo nayo ni kuondoka haraka bila kuaga, angalau ni mtu wa vitendo.

Aliyetusaidia ni muuguzi mmoja mtu mzima kliniki, tulipompeleka kupimwa uzito. Wote kabla yake walituuliza anakula nini, anaharishaje. Yeye akauliza, "Mliondokaje?" Nikaanza kujiuma uma. Mke wangu akamweleza, na mimi nikapata kazi ya kuangalia bango la chanjo ukutani.

Alivyotueleza ni hivi. Mtoto kabla ya kama miezi minane, kitu kikimtoka machoni ni kama kimekwisha. Baadaye anaanza kujua kwamba kilichofichwa bado kipo, ndiyo maana anafunua kanga kutafuta kijiko ulichokificha. Hapo hapo ndipo anapoanza kuogopa wageni na kulia ukitoka, kwa sababu sasa anajua upo mahali, ila hajui wapi. Na hana "kesho" wala "wiki saba". Hofu hiyo hupanda na kuwa kali zaidi kati ya miezi kumi na mwaka mmoja na nusu, yaani tulimwondolea mama pale pale ilipokuwa kileleni. Wako ana miezi kumi na mitano. Hesabu mwenyewe.

Halafu akasema neno ambalo sijalisahau: "Mlimfundisha kwamba usingizi ndio unaopoteza watu." Alilala mama yupo, kaamka mama hayupo. Sasa alale tena kwa nini?

Nikaanza kusoma usiku, maana hata hivyo nilikuwa macho. London miaka ya 1950 wazazi hawakuruhusiwa kukaa na watoto waliolazwa. Mwaka 1952 bwana mmoja, James Robertson, akatoa filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa siku nane. Yeye na John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili, wakaeleza kwamba watoto hao hupita hatua tatu: kwanza kulia na kupinga, kisha kukata tamaa na kunyamaza, kisha kujitenga hata na mama akija. Wauguzi wa siku zile waliona mtoto aliyenyamaza wakasema amezoea. Ukimweka hapo anakaa hapo! Nilisoma hapo nikafunga simu.

Na usiseme hayo ni ya Wazungu. Mary Ainsworth, ambaye leo kila anayesomea saikolojia ya watoto anamtaja, alianzia hapa jirani Uganda, miaka ya 1954 na 1955, akifuatilia familia 26 za vijiji vya Waganda karibu na Kampala. Kilichomvutia mwanzoni kilikuwa jambo lako hili hili, kuachishwa ziwa. Baadaye huko Baltimore, Marekani, akagundua kwamba la kuangalia zaidi ni mtoto anavyokupokea unaporudi, kuliko alivyolia ulivyoondoka. Kwa hiyo kilio ulichopanga kukikwepa Jumapili si ugonjwa, mkuu. Mtoto anayekulilia anakuamini. Kilichotakiwa kunitisha ni ile siku ya tano.

Kwa hiyo: MUAGE. Muage akiwa macho, hata akilia, hata basi likikuacha. Maneno machache na yale yale kila siku: "Baba anakwenda, baba atarudi." Umbusu, umkabidhi kwa mtu anayemjua, uende. Usirudi mara tatu dirishani kumchungulia, hapo unamtesa yeye na aliyembeba. Anza na kidogo, dukani dakika kumi, rudi, sema "nimerudi". Cheza naye ule mchezo wa kujifunika kanga usoni na kufunua, usiudharau, ndilo somo lenyewe. Kama lazima bibi alee, bibi aje kwenu kwanza, au mama akae huko siku za kutosha mpaka mtoto akiumia amkimbilie bibi mwenyewe. Mwachieni na kanga ya mama ambayo haijafuliwa. Ziwa nalo punguzeni taratibu, la mchana kwanza. Hakuna haraka, hata Shirika la Afya Duniani linasema miaka miwili na kuendelea. Mambo ya shubiri kwenye chuchu na kumsafirisha mtoto mikoa mitatu ni kumwonea.

Mdogo wake tulimuaga tangu ana miezi saba. Alilia kila asubuhi kwa wiki mbili, dada akawa ananitumia ujumbe kwamba amenyamaza kabla sijafika kituoni. Mkubwa naye alirudi sawa, yuko darasa la kwanza, mdomo haukai. Lakini mpaka leo, akitaka kulala, anakuja kwanza kuangalia viatu vyangu vipo mlangoni.

Kuhusu kugonga kichwa, weka mto na usimpe alichokuwa anakililia, na ukitoka hapo... muage. Nimejibu? Katuni waulize wenzangu hapa, mimi hizo mada nilizikimbia. La maneno mawili nilikuwa na la kusema, limenitoka.

Kama tiketi umeshakata na kuahirisha haiwezekani, usirudishe. Ongeza ya mama yake na aombe ruhusa ya wiki nzima, na siku ya kuondoka pandeni basi la saa nne.